Fundi Aliyegoma Kutia Sahihi

Watu wa mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo aliloshona halikufumuka kamwe. Alikuwa fundi cherehani. Mumewe alikuwa dobi. Wote wawili walifanya kazi katika chumba cha mbele, mke dirishani na cherehani chake cha kukanyaga, mume ukutani na pasi yake. Walitaniana kutwa. Mke alisema mumewe angeachiwa nafasi, angewapiga pasi hata wateja. Mume alijibu kwamba wapo wanaohitaji.

Asubuhi moja Mama Pindo alikwenda kununua nyuzi. Barabara ya sokoni ni pana, ina njia mbili kila upande, na ina kivuko chenye mistari myeupe. Alisimama. Akatazama huku na huku. Lori la saruji likasimama, dereva akampungia mkono apite. Akapita. Alipomaliza tu kulivuka lori, gari la mikate likatokea nyuma, likalipita lori bila kupunguza mwendo. Likamgonga mguu wa kulia.

Wapo watakaosema ni bahati mbaya. Mimi sisemi hivyo. Gari likisimama kwenye kivuko, jua kuna mtu anavuka. Kulipita gari hilo ni kosa, na dereva yule alilijua, maana leseni hazigawiwi kama njugu.

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Hospitalini walimfunga plasta. Daktari akasema baadaye atahitaji upasuaji, la sivyo mguu hautapata nguvu tena. Na mguu wa kulia ndio uliokanyaga cherehani. Bila huo, hakuna kazi.

Mumewe alirudi nyumbani na gauni ambalo mkewe alikuwa amevaa siku ya ajali. Lilikuwa na damu, limechanika, na lina alama nyeusi ya tairi. Dobi hawezi kukaa na nguo chafu ndani ya nyumba. Aliliroweka, akalisugua, akalianika. Akalishona palipochanika, akalipiga pasi. Aliona huko ndiko kumtunza mkewe.

Siku ya tatu bwana mmoja nadhifu alifika wodini. Alitoka kampuni ya mikate. Alileta matunda, akatoa pole nyingi, kisha akatoa karatasi. Alisema kampuni italipia kitanda, ila kwanza mgonjwa atie sahihi hapa chini. Mama Pindo alijifunza kusoma ukubwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Karatasi ilisema alivuka kwa uzembe, nje ya kivuko, na kwamba hatadai kitu kingine.

"Mimi nilikuwa kwenye kivuko," alisema.

"Mama, huo ni utaratibu tu. Tia sahihi, upumzike."

"Sitii."

Bwana yule alibembeleza hadi akachoka. Mwishowe akasema kampuni ina mawakili watano. Mama Pindo akamwambia asisahau matunda yake.

Dobi aliposikia, aliogopa. Aliuliza wao ni nani hata wapambane na kampuni. Mkewe akamkazia macho. "Nimevunjika mguu," alisema. "Ulimi mzima."

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, jirani yao alikuja kumjulia hali. Jirani huyo aliitwa Karani. Alikuwa msaidizi wa kisheria, katika ofisi inayosaidia wananchi bure.

"Dada, umefanya vizuri kukataa," alisema. "Mtu aliyegongwa kwa kosa la dereva ana haki ya kudai fidia. Fidia ya matibabu, ya kazi aliyoikosa, na ya maumivu. Gari linatakiwa kuwa na bima kwa ajili hiyo hiyo."

Kisha akaanza kuuliza. Ripoti ya polisi iko wapi? Hawakuwa wameifuata. Namba ya gari? Polisi waliiandika. Risiti na vyeti vya hospitali? Vilikuwa mfukoni mwa dobi, vimekunjamana. Na nguo? Hapo dobi akainuka kwa fahari, akaleta gauni limekunjwa vizuri. Karani alilikunjua, akatafuta alama ya tairi, asiione.

"Shemeji, limetakata. Haliwezi tena kutusaidia."

Akamweleza taratibu. Baada ya ajali, nguo isifuliwe wala isishonwe. Ihifadhiwe kama ilivyo, kwa sababu ni ushahidi. Mahali pa ajali papigwe picha. Walioona waombwe majina na namba za simu. Kila karatasi ya daktari itunzwe. Na mtu asichelewe, maana sheria huweka muda wa kudai.

Dobi aliinamisha kichwa kwa aibu. Mama Pindo alicheka mpaka mguu ukamuuma. "Vyombo ninakuomba mwezi mzima huvioshi," alisema. "Gauni hukuombwa, ukaliosha."

Kesho yake dobi aliacha pasi, akaenda kusimama kwenye kivuko. Alilisubiri lori la saruji. Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne likapita, likasimama kushusha mizigo. Dereva alimkumbuka mama yule, lakini akasema hataki mambo ya polisi, ana kazi yake.

"Wewe ndiye uliyempungia mkono," dobi alisema. "Mke wangu alipita kwa sababu alikuamini."

Dereva alichomoa kalamu mfukoni. Kisha akatoa namba yake, na wiki hiyohiyo akaandikisha maelezo kituoni. Dobi akachukua ripoti ya polisi. Karani akawapeleka kwa wakili, na wakili akaandika barua ya madai.

Miezi mitano ilipita. Mama Pindo alitembea kwa magongo, akashona vifungo kwa mkono. Kampuni ilinyamaza, ikatisha, kisha ikalainika. Siku ya makubaliano, bwana nadhifu alikuja ofisini kwa wakili na karatasi mpya. Upasuaji utalipiwa. Kazi iliyokosekana italipwa. Dobi alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Mama Pindo akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari. Kwenye mstari wa tatu kikasimama. Mstari ulisema kwamba pande zote mbili zilikosea. Wakili alimweleza kwamba fidia haitabadilika, na kwamba uamuzi ni wake.

"Kosa langu ni lipi?" aliuliza.

"Mama, hayo ni maneno tu," bwana yule alisema.

"Kama ni maneno tu, yafute."

Dobi alimgusa mkono, akamnong'oneza akubali, mguu wake unasubiri. Mkewe alisema mguu ni wake, na utasubiri. Bwana yule wa kampuni alitoka nje kupiga simu. Walikaa karibu saa nzima. Aliporudi, karatasi ilichapwa upya: fundi alikuwa kwenye kivuko, na gari lililipita lori lililosimama.

Mama Pindo aliisoma yote tangu mwanzo. Kisha akatia sahihi, kwa jina lake kamili.

Upasuaji ulifanyika mwezi uleule. Mguu una kovu refu, na unakanyaga cherehani kila siku.