Mafiga ya Adhel

Kila asubuhi kabla ya shule, Namuria alichota maji kwenye kisima cha mchangani, akawanywesha mbuzi, kisha akasimama kidogo kuwatazama wanajeshi. Tangu vita viishe na kuuacha mtaa wao wa Kakuma karibu wote ukiwa majivu, wanajeshi hao walikuwa wakiwajengea nyumba waliounguliwa mchana kutwa.

Wenyeji walimweleza Sajini Wasike kwamba kwa Waturkana nyumba ni ya mwanamke, na penye mafiga ndipo penye nyumba. Basi sajini akawa anahesabu mafiga yaliyosimama majivuni, kila matatu nyumba moja mpya.

Kibanda cha akina Namuria hakikuungua, ila kilivuja. Jirani yao Adhel, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa hospitalini Lodwar na mwanawe aliyeungua. Jioni moja Namuria aliyabeba mafiga matatu ya Adhel, akayapanga nyuma ya kibanda chao, akamwaga majivu. Mama yake, Asekon, aliyaona. Akaingia kulala.

Sajini akahesabu. Baada ya wiki mbili wakahamia kwenye nyumba ya mabati.

Ndipo Adhel akarudi kutoka hospitalini, na siku ya nne akaja mlangoni kwao, mtoto mgongoni, mkono wa mtoto umefungwa bendeji yenye vumbi.

"Ejok, Mama Namuria," alisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok, Adhel."

"Usiku tatu tunalala nje. Kila mtu ana nyumba, mimi sina. Na mafiga yangu nani amechukua? Hata waliochoma nyumba waliniachia mawe!"

Asekon alitazama chini. Namuria alikimbia hadi kwenye lori la wanajeshi, machozi yakimtiririka.

"Afande, ni mimi niliyeyahamisha mafiga ya Adhel!"

"Kumbe katoto haka kametushinda hesabu!" askari mmoja akacheka.

Wasike hakucheka. "Mabati yamekwisha, binti. Kesho tunaondoka."

"Bomoeni yetu."

Asekon, aliyekuwa amemfuata, akaitikia kwa kichwa, nao wakaibomoa. Kufikia magharibi ilikuwa imesimama kwenye kiwanja cha Adhel. Adhel aliingia na mwanawe, akafunga mlango bila kumtazama mtu.

Asekon alimkalisha binti yake ndani ya kibanda kile kinachovuja.

"Umesema kweli, mwanangu, lakini kweli ya kuchelewa haikumkinga yule mtoto na vumbi. Mimi nami niliyatambua yale mawe, nikanyamaza kwa tamaa ya bati. Sote tumeiba. Adui akikuchomea nyumba, unamkimbilia jirani. Jirani naye akikuibia, utamkimbilia nani? Usimnyang'anye kamwe aliyekwisha kunyang'anywa."