Mpimaji wa Moshi

Gati ya Pratunam, kwenye mfereji wa boti za abiria, ilikuwa imefurika watu waendao kazini asubuhi ile Orathai alipoichomeka pua ya kipimo chake kwenye bomba la moshi la boti na kumwambia nahodha akanyage mafuta. Moshi mweusi ukatoka. Abiria wakajifunika nyuso kwa mikono. Orathai akasoma namba, akabandika stika nyekundu ya kufeli, kisha akangoja matusi. Kwa miaka minane jijini Bangkok alikuwa ametukanwa na madereva wa kila aina.

Nahodha hakutukana. Aliitwa Thawat, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati lake la njano limepauka mabegani kwa jua. Alimtazama yule mwanamke aliyevaa sare ya kijivu, macho mekundu juu ya barakoa.

"Dada, keti kidogo," alisema. "Umechoka kuliko injini yangu."

Orathai alikuwa amechoka kweli. Aliketi.

Wiki iliyofuata Thawat alirudi na nozeli mpya ya kupulizia mafuta, boti ikapita kipimo. Akaomba namba ya simu, akapewa. Tangu hapo akawa anapiga kila adhuhuri, wakati Orathai anakula wali wa kunata kivulini.

"Leo umekula moshi wa nani?"

"Wa mabasi. Kumi na manne."

"Mimi naona wivu, mpenzi."

"Ulete wako basi, niupime."

Aliuleta. Mara tatu boti ilipimwa na mara tatu Orathai alitia sahihi huku akitabasamu nyuma ya barakoa. Siku za mapumziko walitembea pamoja, kila mmoja akiburuta miguu yake. Orathai alianza kuzoea bega la mtu kando yake.

Desemba, vumbi likiwa limetanda juu ya jiji kama blanketi chafu, Orathai alisimama darajani akingoja boti ya Thawat ipite ili ampungie mkono. Ilipita. Ilipoongeza mwendo ilitapika moshi mweusi mfereji mzima, naye akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akashuka hadi gatini, akamngoja.

Thawat hakuficha. Kila mara kabla ya kupimwa alikuwa akikaza skrubu ya pampu ya dizeli ili mafuta na moshi vipungue, na baada ya stika akiilegeza, kwa sababu bila hivyo boti iliyojaa ilizembea na mwenye boti alifoka.

"Mara zote tatu?" Orathai aliuliza.

"Zote."

"Kwa hiyo ulikuwa unaipenda sahihi yangu."

Orathai akageuka, akaondoka. Alasiri hiyo alimweleza mkubwa wake kila kitu, na kuomba sahihi zake tatu zifutwe. Boti ikafungiwa. Orathai akahamishiwa barabara ya malori ya bandarini, ambako hakuna aliyependa kupangwa. Thawat alipiga simu siku kumi na moja. Hakupokea. Siku ya kumi na mbili simu ilinyamaza, na unyamavu huo ukamchosha kuliko malori.

Ilipita miezi miwili. Mchana mmoja alikuwa amepiga goti nyuma ya lori alipoona viatu vilivyolowa vimesimama karibu. Thawat alikuwa amekonda. Alimweleza kwamba aliomba kupelekwa kwenye boti za betri, zisizotoa moshi. Unahodha hakupata, anafunga kamba chini ya vijana.

"Skrubu niliigeuza kwa ajili ya safari," alisema. "Simu zile sikupiga kwa ajili ya safari. Ningekuja mapema usingeniamini. Sasa sina cha kupimwa."

Dereva wa lori alipiga honi. Orathai hakuinuka.

"Nitakuaminije?"

"Sijui. Nilitaka kukuomba unioe, maana mimi sistahili kusema nitakuoa."

Orathai alitaka kucheka, kikatoka kikohozi. Thawat akamshika mgongo mpaka kikapita, naye hakuuondoa mkono ule.

"Kesho sina kazi," Orathai alisema hatimaye. "Njoo kwa mama. Umwambie ulichofanya, kwa mdomo wako."

"Chote?"

"Chote. Kisha uombe ulichokuja kuomba."

Akaivuta barakoa yake juu, akampa nyingine kutoka mfukoni. Yalikuwa yamebaki malori tisa. Thawat aliivaa, akasimama kando ya barabara, akamngoja.