Mtungi Uliovalishwa Kitambaa

Kila asubuhi nyumbani kwa Cleophas ilianza kwa kikohozi. Jogoo aliwika, Kukhu Phoebe akakohoa, halafu watu wote wakaamka.

Phoebe ni mama yake Cleophas. Wajukuu humwita Kukhu, yaani nyanya, na siku hizi kijiji kizima kinamwita hivyo. Boma lao liko Kabras, katikati ya mashamba ya miwa. Cleophas ni mkulima wa miwa. Mkewe, Jescah, anauza mboga sokoni Malava. Lakini mkubwa wa jikoni ni Kukhu, na hakuna anayebishana naye.

Jiko lao lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Ndani yake mlikuwa na mafiga matatu, kuni, na moshi. Kukhu aliketi kwenye kigoda chake. Mkono mmoja ulishika sufuria, mwingine ulisonga obusuma. Obusuma ni ugali. Lakini ukimwambia Kukhu kwamba ni ugali tu, jiandae kwa somo refu.

Na gesi walikuwa nayo! Cleophas aliinunua mwaka jana baada ya kuuza miwa. Ulikuwa mtungi mdogo wa kilo sita, wenye bana juu yake, yaani pale moto unapowakia. Mtungi huo ulikaa sebuleni, kando ya televisheni. Kukhu aliufumia kitambaa cheupe chenye maua, sawa na vile vya viti. Wageni walipoingia walisema, "Hapa mmeendelea!" Kukhu alitabasamu. Kisha alikwenda nyuma kuwapikia kwa kuni.

Kukhu alikuwa na fahari mbili maishani mwake. Ya kwanza ni obusuma wake. Ya pili ni sauti yake. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Na mwaka huu, mwezi wa Agosti, kanisa lao lilikuwa na zamu ya kupokea mkutano mkubwa wa akina mama. Kukhu angeongoza wimbo wa ufunguzi mbele ya watu wote.

Lakini Jumapili moja ya Machi, alianzisha wimbo, akafika ubeti wa pili, kikohozi kikamkaba. Alijaribu tena. Sauti haikutoka. Alikaa chini, na mama mwingine akamalizia wimbo wake.

Walishika njia ya nyumbani. Jescah alimwona akijifuta macho. Siku hiyo hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Kesho yake Jescah alimpeleka kituo cha afya. Daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu.

"Mama, unavutanga sigara?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa kanisa!"

"Kifua chako kinasema kimevuta moshi miaka mingi."

"Huo ni wa kuni tu, daktari."

"Moshi ni moshi, mama. Nitakupa dawa. Lakini ukirudi kukaa kwa moshi kila siku, hiyo dawa itafanya kazi ya bure."

Kukhu alifunga vifungo vya gauni lake. Kisha akauliza lile lililokuwa moyoni mwake. "Na Agosti nitaimba?"

"Ukitoka kwa moshi sasa, kuna matumaini. Ukibaki huko, siwezi kukuahidi."

Walipofika nyumbani, Jescah alikwenda moja kwa moja sebuleni. Akaondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akauinua mtungi.

"Mama, kuanzia leo tutapika na hii."

"Chai, pikeni," alisema Kukhu. "Mayai, pikeni. Obusuma, hapana. Obusuma wa gesi ni uji uliokosa adabu."

"Lakini mama, hujawahi hata kuonja," Cleophas alisema.

"Na wewe hujawahi kupika. Nyamaza."

Jescah hakukata tamaa. Jumamosi mchana aliweka mtungi kwenye chumba kidogo cha pembeni, akaweka juu yake sufuria kubwa ya kila siku. Maji yalichemka upesi. Akatia unga, akaanza kusonga polepole, maana mtungi ulitikisika. Kukhu alisimama mlangoni akiangalia. Alivumilia, alivumilia, mwisho akashindwa.

"Unasonga kama mtu anakoroga chai! Leta huo mwiko hapa!"

Alisonga kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mtungi uliyumba, ukaanguka. Sufuria ilibingirika hadi mlangoni. Moto ulizimika, lakini gesi iliendelea kutoka, sss, na harufu kali ikajaa chumbani.

Cleophas alikuja mbio. Mkononi alikuwa na kibiriti. "Wacha niwashe nione inatokea wapi!"

Jescah alimpiga mkono, kibiriti kikaanguka.

"Unataka kutuchoma sisi wote? Mtoe mama nje!"

Cleophas alimshika mama yake mkono, wakatoka. Jescah alifunga gesi pale juu, akausimamisha mtungi, akafungua mlango na dirisha, naye akatoka. Hawakugusa hata swichi ya taa. Walisubiri uwanjani hadi harufu ikaisha kabisa. Hakuna aliyeungua. Siku hiyo kuku ndio waliokula obusuma.

"Si niliwaambia?" Kukhu alisema, lakini sauti yake ilitetemeka. "Rudisheni huo mtungi sebuleni. Uvae kitambaa chake." Akachukua kigoda, akarudi kwenye moshi. Jescah alimsikia akikohoa huko, na moyo ukamuuma. Agosti haikuwa mbali.

Jumatatu alikwenda dukani kwa Mwanasha. Mwanasha ni mwenyeji wa Mumias, na ana duka la gesi hapo Malava. Watu wengi humjua kwa sababu hupima kila mtungi kwenye mizani mbele ya mnunuzi. Jescah alimweleza kila kitu, hata habari ya kibiriti.

"Subhanallah!" Mwanasha alishika kichwa. "Na nani alikufundisha kufunga gesi?"

"Ni wewe. Siku ile tulinunua, uliongea sana. Nilidhani unatuchelewesha."

Mwanasha alicheka. "Kesho nitakuja kwenu. Lakini usimwambie mama naleta gesi. Mwambie naja kujifunza obusuma."

Kesho yake alifika na pikipiki. Kukhu alikuwa jikoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Mulembe."

"Mulembe, mama. Nimesikia hakuna anayesonga obusuma kukushinda. Nimekuja kuona kwa macho."

Nani angekataa maneno kama hayo? Kukhu alimpa kigoda. Mwanasha aliketi ndani ya moshi, machozi yakamtoka, lakini hakutoka nje. Aliangalia kila kitu. Aliona Kukhu ameketi chini. Aliona anavyosukuma mwiko kwa bega lote, anakandamiza unga ukutani mwa sufuria, anageuza, anakandamiza tena. Mwisho aliona obusuma ukitoka mgumu, laini, umeng'aa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sasa nimeona shida."

"Shida gani?" Kukhu alikunja uso.

"Mama, wewe unasonga kwa nguvu, na hivyo ndivyo inatakikana. Mafiga yako yamekaa ardhini, hayatikisiki. Ule mtungi mdogo una kitako chembamba, halafu mliweka juu yake sufuria ya watu kumi. Lazima ungeanguka. Hata msichana wa miaka ishirini angeuangusha."

Kukhu aliacha mwiko. "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

"Nilidhani mikono yangu imezeeka," alisema polepole. "Nikasema, sauti imekwenda, sasa na mikono. Ndiyo maana sikutaka kuigusa tena."

Jescah alikuwa mlangoni. Kumbe mama mkwe wake hakuwa na kiburi tu, alikuwa na hofu. Alijuta kwamba hakuwahi kumuuliza.

"Mikono yako iko sawa," Mwanasha alisema. "Jiko ndilo halikukufaa. Ule mtungi mdogo na bana yake ni wa chai, mayai na mboga kidogo. Kwa obusuma kama wako, unataka jiko la chuma lenye miguu mipana. Jiko linakaa peke yake. Mtungi unakaa peke yake, chini, umesimama wima, mbali na moto. Mpira ndio unaleta gesi."

"Na nitasimama kama askari nikipika?"

"Hapana. Wewe umezoea kukaa, utakaa. Mwanao Cleophas atakujengea jukwaa la matofali, lifike magotini. Tunakaza jiko hapo juu. Halafu songa mpaka uchoke."

Kukhu alifikiri. Bado alikuwa na swali moja, na lilikuwa zito. "Na ingokho? Kuku wa mgeni hukaushwa kwa moshi. Hiyo gesi yenu itampa nini?"

"Kuku wa mgeni, washa kuni nje uwanjani, upepo uchukue moshi. Halafu mpike kwa gesi. Mara moja moja si shida. Shida ni kukaa ndani ya kibanda na moshi mara tatu kila siku."

"Hapo umesema neno."

"Na nikuambie mama, nilipofungua duka nilikuwa nauza mitungi mitatu kwa wiki. Sasa lori linakuja mara mbili kwa wiki na bado inaisha. Si Malava tu. Kenya nzima watu wanataka gesi, mpaka tunapangiana foleni. Watu wanatoka kwa moshi. Wewe utabaki nyuma?"

Kukhu alisimama wima. "Mimi sijawahi kubaki nyuma."

Wiki iliyofuata Cleophas alinunua jiko, akajenga jukwaa katika kile chumba cha pembeni, karibu na dirisha. Alikaza miguu ya jiko kwa saruji. Mtungi uliwekwa pembeni, wima, kwenye sakafu tambarare. Mpira haukupita nyuma ya moto. Hapakuwa na kuni wala makaa humo ndani.

Mwanasha alikuja kuunganisha. Akamwita Kukhu.

"Leta sabuni na maji, mama. Fanya povu. Nafungua mtungi, jiko bado limefungwa. Paka hapa kwa mpira, na hapa kwa mtungi inapofungwa. Sasa angalia. Povu likifura na kutoa mapovu, gesi inavuja. Likitulia, uko salama."

Kukhu aliinama, akatazama bila kupepesa macho. "Limetulia."

"Basi washa. Kibiriti kwanza, halafu ufungue gesi ya jiko. Ukifungua gesi kwanza, inajaa kabla ya moto. Na ukimaliza, unafunga jiko, unafunga na mtungi. Ukisikia harufu hata kidogo, usiwashe kitu chochote. Funga mtungi, fungua milango, utoke, unipigie simu."

Kukhu alimgeukia mwanawe. "Umesikia, mtu wa kibiriti?"

"Nimesikia, mama," Cleophas alisema, akiangalia chini. Jescah alicheka hadi akashika mbavu.

Mchana huo Kukhu aliketi kwenye kigoda chake, akashika sufuria, akasonga. Alisonga kwa bega lote. Jiko halikutikisika. Familia ilikaa mezani ikimsubiri aonje. Alikata kipande, akakifinyanga kwa vidole, akachovya kwenye mboga, akatafuna.

"Ni obusuma," alisema.

Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Kikohozi hakikuisha kwa siku moja. Aprili bado kilikuwapo. Kukhu alikunywa dawa zake, akarudi kwa daktari, akakaa mbali na kibanda cha zamani. Mei alianza kulala usiku mzima. Juni Jescah alimsikia akiimba kwa sauti ndogo huku akipepeta mahindi. Alisimama nje ya mlango na hakuingia, ili asimkatize.

Agosti ilifika. Wageni kumi na wawili kutoka Chekalini waliandaliwa chakula nyumbani kwa Cleophas. Kuku walikaushwa uwanjani kwenye upepo, wakapikwa ndani kwa gesi. Wageni walikula, wakaomba tena.

"Mama Phoebe," mmoja wao alisema, "obusuma huu ni wa kuni ya mti gani?"

Kukhu alikuwa akisubiri swali hilo tangu Machi. Aliinuka polepole, akawaongoza wote kumi na wawili hadi chumba cha pembeni. Akawaonyesha jukwaa, akawaonyesha jiko, akapaka povu mbele yao.

"Likitulia, uko salama," alisema, kana kwamba yeye ndiye mwenye duka.

"Na mtungi wako hauna kitambaa?" aliuliza mwingine. "Kwangu mimi nimeuweka sebuleni, nimeufunika vizuri."

"Kitambaa karibu na moto? Hapana, mama. Huu mtungi uko kazini. Kitambaa nimekipatia kazi nyingine."

Saa nane mchana kanisa lilijaa hadi nje. Kukhu Phoebe alisimama mbele. Kichwani alikuwa amejifunga kile kitambaa cheupe chenye maua, na watoto wa nyumbani walikitambua mara moja, wakaanza kucheka. Jescah hakucheka. Alishika mkono wa mumewe kwa nguvu.

Kukhu alivuta pumzi ndefu. Alianzisha wimbo. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukafika, na Jescah akafumba macho.

Sauti ilipita juu ya ubeti wa pili, ikaenda hadi wa tatu, hadi wa nne, safi, hadi kwa watu waliosimama nje kwenye miwa. Kukhu alimaliza wimbo wake mwenyewe.