Bango la Jumamosi ya Nne

Jumamosi asubuhi, Mukunde alitoa benchi na kuliweka mbele ya mgahawa wa mama yake, Jovina, katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Biryogo. Hapo yeye na rafiki yake Shami waliketi na daftari kuhesabu ni wangapi, kati ya wateja ishirini wa kwanza wa chai na chapati, walionawa kwa sabuni. Jumamosi mbili sabuni ilikaa jikoni. Kisha ikaning'inizwa bombani, ndani ya soksi kuukuu ya Shami. Ilikuwa imefuliwa, mama alihakikisha mara tatu.

Utafiti huo ulikuwa wa mkutano wa wanafunzi kule Kagarama, ambako kila kundi lingebandika bango lake ukutani. Mwalimu Karangwa alikuwa amewaonya kwamba bango lenye takwimu ya kubuni lingeteremshwa mbele ya watu wote.

Siku mbili kabla ya mkutano, Mukunde alimpelekea bango jirani yao Mzee Sharif, fundi cherehani. Mzee huyu hudai kwamba ujanani aliwahi kumshonea twiga kanzu, na twiga akarudi kulalamika kuwa shingo inabana. Hata hivyo, macho yake hayakosei. Alirudi nyuma hatua tatu akalitazama bango. Lilijaa maandishi toka pembe hadi pembe, kwa herufi ambazo sisimizi angeziombea miwani.

"Mjukuu wangu, hili si bango," alisema. "Hii ni barua umeitundika."

Akamweleza kwamba mkutanoni watu hupita wakitembea, kama wateja mbele ya duka. Usipomnasa mtu kwa mbali, hasimami. Basi wakaketi kupunguza maneno. Swali likabaki juu, jibu katikati, na takwimu nne, 6, 7, 15 na 17, zilizokatwa kwa karatasi nyekundu, kila moja na tarehe yake chini. Chini wakachora soksi.

Mzee Sharif akarudi tena hatua tatu. Safari hii alisoma bila shida, mpaka tarehe ya mwisho. Akaigeukia kalenda yake ukutani.

"Hii kumi na saba ni ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema taratibu. "Asubuhi ile mtaa mzima tulikuwa kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, tunazibua mtaro. Migahawa yote imefungwa, mama yako ana koleo mkononi. Hawa watu walikunywa chai kwa nani?"

Mukunde aliinamisha kichwa. Kwenye maandishi madogo uongo ule ulijificha vizuri. Sasa ulikuwa mkubwa kama kiganja. Alikiri kwamba aliubuni peke yake, bila Shami kujua, kwa kuona aibu kuacha pengo.

Mzee hakumgombeza. Alimsogezea mkasi, akasema nguo ikikosewa hufumuliwa.

Shami alipoelezwa, alinuna kwa muda, kisha akasema afadhali soksi yake isiaibike Kagarama. Pale ilipokuwa 17 waliandika: "Hatukuhesabu. Ilikuwa umuganda."

Siku ya mkutano, ile soksi ilisimamisha watu wengi. Mwishowe akaja jaji, Daktari Winifred, akaweka kidole juu ya pengo.

"Mlishawishika kuweka namba hapa?"

"Ndiyo, Daktari," Mukunde alijibu. "Niliiweka. Kisha nikaiondoa."

Daktari alitabasamu. "Tarehe niliiona nikiwa kule mlangoni. Hata mimi siku hiyo nilikuwa na koleo. Ningekuta namba hapa, nisingeamini hata zile tatu. Bango zuri huonekana kwa mbali, binti yangu, kwa hiyo weka ukweli tu, hata kama una pengo. Nendeni mkahesabu Jumamosi nyingine."

Mukunde akashusha pumzi ndefu. Bango lilibaki ukutani mpaka jioni.

Jumamosi iliyofuata, mteja wa kwanza alikuwa Mzee Sharif. Alinawa, akazunguka nyuma ya mgahawa, akarudi kunawa tena, ati anaisaidia sayansi. Mukunde alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwandika mara moja tu.