Tope la Katikati

Jumanne ya tarehe kumi na tisa Septemba, mwaka 1995, saa tisa na robo alasiri, fimbo ya chuma aliyoishika Joyness Maduhu ilirudishwa.

Hakuteleza, na fimbo haikugonga jiwe. Alikuwa amesimama juu ya ubao katikati ya lambo la Dutwa, pale ambapo kiangazi kilikuwa kimebakiza tope jeusi lenye ganda lililopasukapasuka, akiisukuma fimbo chini ajue tope lina kina gani kabla ya kufika kwenye sakafu ya zamani. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu asubuhi. Fimbo huzama, huzama, kisha hugota. Unasoma alama, unaandika, unaichomoa kwa nguvu maana tope halipendi kuachia. Safari hii ilizama, ikagota kwenye kitu laini kidogo kuliko sakafu, kisha ikapanda yenyewe kiasi cha kiganja, kama aliyelala anavyousukuma mkono wa anayemwamsha.

"Gesi," alijiambia. Majani yaliyooza chini ya tope hutoa gesi; hilo alilisoma chuo kikuu. Lakini hakuwa mtu wa kupitisha jambo bila kulikagua. Alichota tope la mahali pale pale, akalijaza kwenye kopo, akalifunga kwa plasta na kuandika namba. Kesho yake kopo lilipelekwa Mwanza kwa basi, kwenye maabara ya kupima udongo.

Lambo lilikuwa limejaa tope kiasi kwamba kufikia Agosti ng'ombe wa Dutwa waliswagwa mbali kutafuta maji, wakarudi mbavu nje. Kazi ya kulichimbua alipewa mkandarasi binafsi, Mahona, mmoja wa wale walioibuka baada ya serikali kupunguza watu na kuuza mitambo. Ndiye aliyempa Joyness ajira, baada ya mwaka mzima wa kutembea na cheti mkobani. Sharti lilikuwa moja: kazi iishe kabla ya mvua za vuli. Joyness alilala na hofu ya mvua, akaamka nayo.

Kisha, katapila likiwa limeanza kuchimba katikati, tipa la kubebea tope likafa injini.

"Siku hizi ruksa," Mahona alisema, akicheka bila furaha. "Kila mtu ajibebee. Hebu tuambie, msomi, tope hili tulipeleke wapi?"

Joyness alifikiri. Kingoni mwa lambo alikuwa ameona mashimo ya wanawake wanaochota udongo wa kukandika nyumba, mashimo ya miaka na miaka, na katikati hakuna hata moja. Alidhani ni kwa sababu katikati hapakauki. Basi akaitisha mkutano, akatangaza kwamba tope litarundikwa kando ya barabara, anayetaka achukue bure. Likikauka halipasuki, linafaa kwa kuta. Watu wakapiga makofi. Mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli zenye magunia zikapishana hadi rundo likaisha, na Mahona akasema mbele ya madereva, "Kumbe shule inasaidia." Jioni ile Joyness alikula akashiba, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda.

Alikuwa amepanga chumba kwa Zena, mke wa Athumani mwenye duka la ndoo na vitenge pale senta. Zena naye alikandika chumba chake cha kulala kwa tope lile, akalisugua kwa viganja hadi likang'aa.

"Joy, mdogo wangu," alimwita siku chache baadaye, sauti chini, "udongo wako huu unakauka lini?"

Joyness aligusa ukuta. Ilikuwa mchana, jua likichoma bati, lakini ukuta ulikuwa umelowa kama mgongo wa mtu anayelima. Ulinuka lambo: kambale, kwato, majani mabichi. Karibu na mto wa kulalia wa Muzdalifa, mtoto wa Zena aliyekuwa bado hajajua kutambaa vizuri, palikuwa na kibonde kidogo kilicholambwa.

"Unawajua watoto na udongo," Zena alisema. "Nimemtoa mdomoni mara sijui ngapi."

Kabla Joyness hajajibu, ukuta ulivuta pumzi.

Haukuwa upepo, maana dirisha lilikuwa limefungwa, wala hawakuwa panya, maana sauti haikutoka darini. Ilikuwa pana na nzito, ya kifua kikubwa kinachohema chini ya mzigo, ikavuta, ikavuta, na kadiri ilivyovuta ndivyo tumbo la Muzdalifa lilivyotulia, likabaki limebonyea, midomo ikageuka rangi ya zambarau, macho yakiwa wazi yakimtazama mama yake kana kwamba yanauliza anangoja nini, hadi ukuta ulipoiachia ile pumzi kwa kishindo, kama mtu anayetua gunia, ndipo mtoto naye akapata yake, akalia.

"Wanapokezana," Zena alinong'ona. "Ukuta ukivuta, mwanangu hana hewa."

Wakamkimbiza zahanati. Muuguzi akaweka sikio la chuma kifuani, akasema mapafu ni safi. Lakini hata pale, mbali na ule ukuta, pumzi ya mtoto ilikuja na kukatika vile vile, na kila inapokatika ilichelewa zaidi kurudi. Kilichokuwa ukutani alikuwa amekimeza.

Jioni Athumani alitawadha, akaweka kiganja ukutani na kuanza kusoma Ayatul Kursiy. Ukuta ulinyamaza. Zena akapumua, akamtazama mtoto, akapiga kelele: Muzdalifa naye alikuwa amenyamaza, kifua kimeganda. Athumani alimaliza, na alipotamka amina, ukuta na mtoto wakahema kwa pamoja.

Akarudi nyuma. "Hili si jini," alisema. "Jini angekimbia. Huyu anasikiliza, kama mtu."

Dukani kwa Athumani watu walikuja kununua chumvi wasiyoihitaji, wapate kunong'ona. Kwa fundi baiskeli kuna miguu inayotembea ndani ya ukuta, kona hadi kona, haikai. Kwa mjane Felisita kuna mikono inayousukuma ukuta kwa ndani. Kitanda chake kila akiamka kiko katikati ya chumba. Kwa mwingine ni kishindo cha jembe. Joyness alisikiliza kila mmoja, akauliza ni ukuta upi, saa ngapi, sauti gani, na mwisho akaona kwamba hakuna nyumba mbili zenye kitu kimoja.

Felisita ndiye aliyemleta Nyanjige. Nyanjige alikuwa nfumu, mganga anayetafutwa hadi Zagayu, mwanamke mnene aliyefika amebebwa kwenye keria ya baiskeli, akimtukana mwendeshaji kwa kila shimo.

"Mwadila, mayu," Joyness alimwamkia.

"Mwadila. Wewe ndiye yule wa tope la bure?"

"Ndiye mimi."

"Cha bure kina mwenyewe." Akaingia, akaukaribia ukuta, akaunusa, akauwekea sikio. Uso wake ukabadilika. "Mlichota wapi hili? Kingoni?"

"Katikati."

Nyanjige aliketi sakafuni bila kuuliza kiti.

"Lambo hili lilichimbwa kwa majembe na makarai," alisema, "wakati wa mkoloni, kwa nyimbo. Siku ya mwisho ukingo ulimporomokea mchimbaji mmoja, Mayige. Kabla hawajamfukua mvua ikashuka, lambo likajaa usiku huo huo. Wazee wakasema basi, katikati ni kwake, kila mvua imwongezee udongo. Sisi tunachota kingoni. Hata mtoto anajua."

"Mbona hamkusema mkutanoni?" Joyness aliuliza. "Niliuliza kama kuna mwenye neno!"

"Uliuliza kama tunataka tope. Hukuuliza la wapi. Nani angedhani mtu mwenye akili zake atachota katikati?" Akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Mngemfukua tu, ningejua la kufanya. Lakini wewe umemgawa, ng'wanone, mwanangu. Miguu iko kwa fundi baiskeli, mikono iko kwa Felisita, kifua hiki hapa. Anajitafuta. Na huyu mtoto amelamba pumzi yake."

"Tufanyeje?" Zena aliuliza, amemkumbatia Muzdalifa.

"Kaburi hufukiwa kwa udongo wake. Wote. Hata wa kwenye kucha. Upesi, maana anavyochoka ndivyo anavyovuta kwa nguvu."

Mahona alikuwa kambini akikagua mnyororo wa katapila. Alimsikiliza Joyness hadi mwisho, kisha akafuta mikono polepole.

"Nirudishe tope lamboni? Niliajiri mhandisi au mchawi?"

"Nitachimba kingo, kaka Mahona, na upande mto unakoingilia. Katikati pabaki kama kisiwa. Maji yatapungua, lakini ng'ombe watakunywa."

"Na mvua ikitukuta?"

"Mtoto hafiki hiyo mvua."

"Ukigusa kazi yangu, ujira huna na cheti chako hakitafanya kazi tena hapa."

Aliona ule mwaka wa kutembea ukimngoja tena barabarani. Akageuka akaenda kubisha nyumba ya kwanza.

"Mtaalamu," fundi baiskeli alimwambia akiwa mlangoni, "juzi tope lilikuwa dawa ya ukuta, leo ni sumu? Keshokutwa utatuambia tulile?"

"Nilikosea, baba. Naomba jembe, nianze mwenyewe."

Akaanza mwenyewe. Alibandua hadi viganja vikatoka malengelenge, na ndani ya kila bonge kulikuwa na kitu kilichotukutika kama kuku ndani ya gunia. Zena akaja na karai. Felisita akaja na mkokoteni. Fundi alitazama, akatema mate, akachukua sururu. Mpaka alasiri ya siku ya pili senta nzima ilikuwa ikibandua kuta zake, wanaume wakiswaga ng'ombe wa mikokoteni bila kuimba, na hata dereva wa katapila akamwachia Mahona funguo mezani, akaenda kushika koleo. Joyness alifagia sakafu, akasugua mabeseni, akachokonoa kucha za watu kwa kijiti mmoja mmoja, wakamcheka, akaendelea.

Mwisho Nyanjige alimlaza Muzdalifa kifudifudi juu ya mapaja, akamnywesha maji ya lambo kwa kiganja, akampapasa mgongo akimsemesha Mayige kwa Kisukuma, taratibu, kama anayembembeleza mgeni atoke kwenye kiti cha mwenyeji. Mtoto alijinyonga, akatapika donge jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi. Likawekwa juu ya tope lililorudishwa, na katikati ya lambo pakazama kidogo, kama godoro linapolaliwa. Muzdalifa alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Zena alihesabu hadi akasahau kuhesabu, akalia.

Jioni hiyo Joyness aliketi chumbani mwake, mizigo imefungwa, kandili linawaka. Alikuwa hana kazi, lakini upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa akicheka. Ndipo akasikia nyayo zilizolowa zikizunguka nyumba.

Zilikuwa nyayo mbili, sawasawa, za mtu mzima, na juu yake viganja vikipapasa ukuta wa nje, na juu ya viganja kifua kikihema, vyote sasa vikiwa pamoja, vyote vya mtu mmoja, lakini vilienda vikijigonga, vikagonga ndoo, vikagonga pembe ya nyumba, vikarudi nyuma, vikapapasa, vikagonga tena pale pale, kama mgeni aliyeamka gizani katika nyumba asiyoijua, na Joyness, aliyeamini kwamba hakuacha hata chembe, alikagua kucha zake, soli zake, fimbo yake ya chuma, hadi alipoikumbuka plasta, namba aliyoiandika kwa mkono wake, na kile kitu laini ambacho fimbo ilikigota kabla ya kurudishwa.

Miguu Mayige alikuwa nayo. Mikono alikuwa nayo. Macho yalikuwa Mwanza, ndani ya kopo.

Viganja vilifika mlangoni, vikatulia.

Joyness alipiga magoti upande wa ndani. "Baba Mayige," alisema. "Nisamehe. Najua yalipo. Kukicha nitakupeleka."

Nje, kitu kizito kiliketi kizingitini. Kilihema pale mpaka majogoo, na yeye hakusinzia.

Asubuhi iliyofuata kizingiti kilikuwa kimelowa. Joyness alikiruka, akaenda kituoni, akakata tiketi mbili za basi la kwanza la Mwanza. Mlangoni mwa basi alisogea kando, akaacha nafasi, kama unavyompisha mkubwa atangulie kupanda. Kiti cha dirishani aliacha wazi.

"Dada, mwenzako yuko wapi?" kondakta alimpigia kelele. "Tunaondoka!"

"Ameshapanda," alisema, akaketi kiti cha pembeni, akakunja sketi yake isilowe.