Bawabu Aliyezibwa Masikio

Trrr.

Simu ilitetemeka juu ya kifuniko cha sufuria. Kulikuwa bado hakujapambazuka, na stima ilikuwa imepotea mtaa wote wa Section 58. Chesang aliidaka kabla haijamwamsha binti yake, Abby.

"Mathe, maziwa yamelala."

Amri kwa mafumbo: kuna mzigo njiani. Sauti ya Kibii, mkuu wake katika ujasusi.

"Yamelala wapi?"

"Lori la yule muuza mbolea, Nderitu, linatoka Nairobi na mapipa ya mbolea ya kunyunyizia majani. Kesho itagawiwa bonde lote. Maabara inasema ni safi. Tunaliachilia."

"Waliijaribu kwa mmea gani?"

"Maharagwe."

Hapo akakumbuka.

Wiki iliyopita alikuwa Njoro, kwa mama aliyepewa sampuli ya mbolea hiyo. Kama majirani zake wote, mama yule alikuwa amepanda maharagwe katikati ya mahindi. Udongo ulikuwa umelowa. Maharagwe yalinawiri. Mahindi yalikuwa yamejikunja kama karatasi motoni.

Shamba moja. Mvua moja.

"Boss, sikiza," akanong'ona. "Ndani ya seli za jani kuna protini. Ni bawabu. Jua likizidi, bawabu anapata habari ya kiu, anapitisha amri: fungeni vitundu vya jani, maji yasitoroke. Maharagwe yana bawabu wake, mahindi yana wake. Ni ndugu, lakini masikio hayafanani. Hii dawa inamziba masikio yule wa mahindi peke yake, maji yanatoroka, hindi linakauka."



"Ukikosea, Chesang, mawakili wa Nderitu watatula wabichi."

"Na nikiwa sawa, bonde litakula nini?"

Kibii akampa siku hiyo moja kuthibitisha. Chesang akamwachia jirani mtoto. Akaingia kwa gari lake la Probox na bastola ya Glock kiunoni, na vikopo viwili vya yoghurt kwenye kiti. Kimoja mche wa hindi. Kingine mche wa haragwe.

Alipokaribia Gilgil, redio yake ya Motorola ikakoroma. Kipkemei, mwenzake aliyekuwa akilifuata lori.

"Wamesimama Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma. Nderitu na dereva wameagiza mbavu za mbuzi."

Chesang akacheka kwa pua. Mtu ataficha sumu apite nayo mpaka wowote. Lakini kupita Kikopey na harufu ile ya nyama? Thubutu!

Jua lilichoma. Alijipenyeza nyuma ya lori, akafungua pipa, akavuta dawa kwa sindano. Matone kwa hindi. Matone kwa haragwe. Akaviweka vikopo juani.

Akangoja.

Haragwe likasimama wima.

Jani la hindi likaanza kujikunja. Polepole. Kama mkono wa mtu anayekata roho.

"Ni sumu," akaiambia redio. "Shika dereva."

Chuma baridi kikamgusa kisogo.

"Madam," Nderitu alisema, mdomo uking'aa mafuta. "Hii ni bustani ama ni nini?"

"Ni mahakama."

Kiwiko. Goti. Bastola ikaruka chini ya lori, na Nderitu akaibusu changarawe. Upande wa pili, Kipkemei alishamfunga dereva pingu.

"Unadhani ni mimi peke yangu?" Nderitu akahema. "Wanaoleta mahindi kwa meli wanangoja njaa yenu wauze. Watatuma wengine."

"Watume. Wao pia watanusa nyama hapa, watasimama."

Alimfunga Nderitu pingu, akamwachia Kipkemei, akaufunga mfuniko wa pipa, akavaa miwani ya jua, akatembea kuelekea Probox bila kugeuka.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya jirani, lakini aliyeongea ni Abby.

"Mum, niko na njaa."