Usimmalizie Sentensi

Walikutana kwenye foleni ya duka la fotokopi, saa mbili asubuhi, watu wanasukumana utadhani karatasi zinagawiwa bure. Mwalimu wa mawasiliano kutoka shule ya Kikristo ya ng'ambo ya barabara, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alitaka nakala arobaini za kanuni za somo lake. Dada wa fotokopi, blauzi ya njano, kalamu kaichomeka kwenye nywele, aliisoma karatasi kwanza.

"Mwalimu, umeandika hapa mtu amtazame mwenzake machoni. Mbona wewe unaitazama mashine yangu?"

Foleni ikacheka. Mwalimu akainua macho, na hapo ndipo alipokwisha.

Mapenzi ni kikohozi. Miezi mitatu haikupita mtaa mzima ukajua. Mwalimu alizungumza polepole, kidole kikigonga paja, na dada akaupenda utulivu ule. Masikini, haukuwa utulivu, ulikuwa woga. Mwalimu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na hata kazi aliipata kwa kukariri majibu yote ya usaili. Kupumua, kugonga paja na kumtazama usoni anayemsikiliza ndiko kulikomwokoa kila siku darasani. Kwenye simu hakuna uso. Kwa hiyo hakupokea hata moja. Aliandika tu: niko kwenye kikao, mpenzi, niko kwenye maombi, mpenzi. Jamani, maombi gani hayo yasiyoisha?

Jumapili moja dada alipiga mara tano. Mara ya sita mwalimu, kwa hofu ya kumkosa, akapokea. Neno likamkwama kooni. Dada akasikia pumzi ya mtu, nzito, inayokatikakatika, kisha simu ikakatwa. Alimweleza shangazi yake, na shangazi hakuacha hata kukunja nguo zake.

"Mwanangu, aliyepokea ni mkewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Dada akaandika: Msalimie mkeo, na dukani kwangu usikanyage tena. Kisha akaifungia namba ya mwalimu. Mwalimu alipojaribu kujibu, ujumbe haukwenda. Lililobaki ni kwenda kusema kwa mdomo, mbele ya foleni ile, na wazo hilo tu lilimtoa kijasho chembamba.

Kesho yake alifundisha kanuni ya tatu: usimmalizie mwenzako sentensi, ngoja. Binti wa dawati la mbele akauliza, kama msemaji anaogopa sana, je, asubiri woga uishe?

"Woga hauishi," mwalimu akasema. "Unasema nao hivyo hivyo."

Maneno yale yakamrudia mwenyewe. Kengele ya mapumziko ilipolia, akavuka barabara.

Foleni ilikuwa ndefu, na katikati yake, lahaula, mkuu wa shule, mchungaji mwenyewe, kashika karatasi za nyimbo. Mwalimu alitamani kugeuka. Dada alikuwa ameshamwona.

"Nilikuambia usikanyage hapa."

"Si... si... si..."

Neno likagoma. Alipiga paja, akapiga tena, wapi. Shingo ikamsimama mishipa. Dada alidhani anaigiza, mpaka alipoisikia ile pumzi, nzito, inayokatikakatika. Ndiyo ile ile ya kwenye simu. Hakukuwa na mke. Aliyepokea alikuwa mwalimu mwenyewe.

Mchungaji akaona huruma. "Anataka kusema samahani, binti yangu."

"Mchungaji, mwache amalize," dada akasema, macho hayabanduki usoni kwa mwalimu.

"Si... sina mke," mwalimu akasema. "Ni mimi ni... niliyepokea. Niliogopa u... utanicheka."

Dada hakucheka. Machozi yalimjaa, naye akayaacha yashuke. Mwalimu aliona mchungaji amesikia yote, na kazi yenyewe labda ndiyo imekwisha, lakini alikuwa ameshafika mbali mno kurudi.

"Na ni... nataka u... uwe m... m... m..."

Dada alijua neno linalokuja. Mchungaji alijua. Foleni nzima ilijua, hata yule bibi wa mwisho aliyeshika cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Mashine ilimaliza nakala zake ikazima. Hakuna aliyemmalizia.